Vivuko vya Kona ya Shangazi

Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kuchora bodi za saketi, huwatajia chuo cha Dar es Salaam na kitabu kilichokuja pamoja na programu. Shangazi yangu simtaji, ingawa bila yeye nisingekanyaga ngazi za karakana ile. Yeye ndiye aliyekwenda kwa tajiri, mwenye karakana, akakaa kwenye baraza ya mlangoni asubuhi tatu mfululizo, mpaka tajiri akachoka kumpita akasema, haya, mlete huyo kijana wako. Mimi nilimlipa kwa namna yangu, na namna hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu nimechoka kusifiwa.

Karakana ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe Malindi ya Unguja, nyuma ya bandari, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Tajiri alikuwa mtu wa ukoo uliowahi kuwa na mashamba ya karafuu, kisha hauna, kisha ukauza vipuri vya redio. Umeme wa Unguja ulipanda na kushuka utakavyo na kuunguza mafriji ya watu, naye akapata wazo la kutengeneza vidude vya kuyalinda. Hoteli za pwani zilivinunua, na wauza samaki wa Mkokotoni wenye mafriza yao walivinunua pia. Ndani ya kila kidude kulikuwa na bodi moja ya ukubwa wa kiganja, na bodi hiyo niliichora mimi.

Bodi yetu ilikuwa na shaba pande zote mbili. Umeme ukitaka kutoka uso wa juu kwenda uso wa chini lazima upite kwenye kitundu. Kitabu cha programu kiliviita vitundu hivyo via. Sisi tuliokuwa tukisikia honi za boti kutwa nzima tuliviita vivuko. Viwanda vya ng'ambo hupaka shaba ndani ya kila kitundu kwa mashine. Sisi mashine hiyo hatukuwa nayo. Fundi wa keekee huko chini alitoboa, kisha bodi zikaletwa juu, na kila kivuko kikapitishwa kipande cha waya mwembamba wa simu, kikakunjwa huku na huku, kikatiwa risasi kwa pasi ya kulehemu. Tuliita kushona, na jina hilo lilitokana na washonaji wenyewe, kwa kuwa tajiri alikuwa amewachukua wanawake watatu wanaodarizi kofia. Aliona mtu anayeweza kuzungushia uzi kitundu cha kofia bila kukosea atakuwa na mkono wa kazi yake, na hakukosea.

Shangazi alikuwa wa kwanza wao kuajiriwa, tena ndiye mkubwa wao kwa umri. Alikuwa amefika kwenye miaka sitini, anavaa miwani mizito yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, na ukungu ulikuwa umeshaanza kumwingia machoni. Hilo nililijua mimi peke yangu, kwa kuwa nilikaa naye nyumba moja Kiponda. Vivuko alivishona nusu kwa macho na nusu kwa vidole. Alivipapasa, akauweka waya, ukapita. Kazi yake ilikuwa safi kuliko ya wenzake wote wawili.

Wanawake wale walileta karakanani desturi yao ya kofia. Kofia moja huweza kupita mikono ya watu wawili au watatu, mmoja akashona juu na mwengine ubavuni, lakini hakuna anayetia sindano yake kwenye sehemu ya mwenzake. Kila mtu ana mkono wake, na kuingiza mkono wako pa mwenzio ni kumwambia hajui kazi. Bodi wakaigawa vivyo hivyo. Shangazi alichukua kona ya kuingilia umeme, yenye vivuko arubaini na kimoja vilivyosongamana, sehemu ngumu kuliko zote. Wenzake wakagawana zilizobaki. Bodi ilipofika kwa mtu alishona chake na kuisogeza mbele, na cha mwenzake hakukigusa hata kwa kucha.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilijiona mtu. Katika Malindi nzima mimi tu niliyeweza kuitoa bodi kwenye kompyuta, na nilipenda lijulikane. Lakini chumba kile kile alikaa mwanamke aliyenilea tangu nina miaka mitano, mama yangu alipokwenda kuolewa Maskati. Akiniita nilitakiwa niitike "naam" kwa sauti ya kusikika, na nisipoitika aliita tena mpaka pasi zote zikawekwa chini. Kulikuwa na mshonaji mmoja, mdogo kuliko wenzake, niliyempenda kimya kimya. Siku moja wakati wa chai shangazi alimwambia, "Huyu mnayemwona na kompyuta yake, nimemwanikia godoro mpaka yuko darasa la tano. Kila jua likitoka, godoro uani." Msichana alicheka mpaka akamwaga chai. Shangazi alicheka naye, kwa mapenzi kabisa, na mimi nikamchukia.

Programu yenyewe ilikuwa imenitesa mwanzoni. Ilichora kila kivuko kwa kipimo cha viwanda vya ng'ambo, chembamba, na waya wetu wa nusu milimita haukupita. Kukibadilisha kivuko kimoja ilikupasa ukibonyeze, ufungue kisanduku chake, ufute kipenyo cha zamani, uandike kipya, ufunge, uhamie cha pili. Bodi ilikuwa na vivuko zaidi ya mia mbili. Ilinichukua siku mbili na shingo ikakakamaa. Kisha tajiri akaleta toleo jipya kwenye sidii kutoka Dar, na ndani yake mlikuwa na amri ya kubadilisha vyote kwa mkupuo. Unachagua, unaandika kipimo mara moja, unathibitisha, na vivuko vyote vinatanuka mbele ya macho yako. Nilivifanya nukta nane ya milimita vyote, nafasi ya kutosha kwa waya na kwa mkono wa mtu mzima. Shangazi aliposhona bodi ya kwanza ya vipimo hivyo alisema, "Mungu akupe umri, mwanangu. Leo vinapita wenyewe." Wakati huo nilifurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli.

Amri ile ilikuwa na kitu kingine nilichokigundua baadaye. Si lazima uchague vyote. Unaweza kuchora fremu kwa kipanya kuzunguka sehemu moja ya bodi, na kilichomo ndani ya fremu tu ndicho kitakachobadilika.

Siku iliyoniharibu, au tuseme iliyonionesha nilivyo, alikuja mhandisi wa hoteli moja kubwa kutazama kazi kabla ya kuagiza. Tajiri alimleta moja kwa moja mezani kwangu. Nilikuwa nimevaa shati jipya. Nikamfungulia bodi kwenye kioo, nikamwonesha njia za shaba, nikamwambia hakuna mstari uliokaa pale bila sababu. Shangazi akaitikia kutoka mezani kwake bila kuinua kichwa, "Mweleze na vile vivuko viwili ulivyovisahau, mpaka nikakuonesha mimi." Ilikuwa kweli. Mwezi uliopita nilisahau viwili kwenye kona yake, na yeye asiyejua kusoma hata herufi moja ya mchoro ndiye aliyeona, kwa vile vidole vyake vilivikosa mahali vilipozoea kuvikuta. Mgeni akacheka, akamwendea, akaomba aoneshwe. Alisimama pale muda mrefu kuliko aliosimama kwangu, na mwisho akaipiga picha mikono ya shangazi.

Kesho yake asubuhi niliwahi kufika. Nikaifungua bodi, nikachora fremu kuizunguka kona ya shangazi, vivuko arubaini na kimoja, nikaandika nukta sita. Nikathibitisha. Vilinywea vyote mara moja. Waya ulikuwa na nukta tano, kwa hiyo ungepita bado, lakini ungepita kwa mtu anayekiona kitundu anapokilenga. Kazi nzima haikufika dakika moja. Nakumbuka nilikwenda kunawa mikono.

Fundi wa keekee alitoboa kwa orodha iliyochapishwa, kila alama na ncha yake ya keekee; orodha ikisema ncha mbili, hutumia mbili, hajali ipi ni ya kona ya nani. Bodi zilipanda juu baada ya siku mbili. Nilikaa mezani kwangu nikajifanya ninachora.

Shangazi alichukua ya kwanza, akapapasa, akaweka waya. Waya ukapinda. Akautupa, akakata mwengine. Ukapinda. Alijaribu na wa tatu, kisha akasema, "Mbona leo vivuko vimebana?"

Wenzake wakajaribu vyao. "Vyangu vile vile, Bi," alisema mmoja. Msichana akasema, "Na vyangu vinapita, Bi, tazama."

Hakutazama. Asingeweza kutazama kwa haki, kwa kuwa ingembidi atie waya wake kwenye sehemu ya mwenzake, na wao wasingeugusa upande wake kumjaribia, si kwa mtu mwenye heshima kama yake. Hicho ndicho nilichokitegemea. Mtu yeyote asiyekulia kwenye kofia angeinyakua bodi, akachomeka waya kona hii na kona ile, na mambo yangu yangekwisha palepale. Wao walikaa na adabu zao.

"Wee, mwanangu."

"Naam."

"Umevipunguza vivuko?"

"Sikuvipunguza, shangazi."

"Hebu tazama kwenye kompyuta yako."

Nikabonyeza bonyeza, nikangoja kidogo kama mtu anayesoma. "Nukta nane, shangazi. Kama siku zote."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Uso wake ulibadilika nikauona. Haukuwa na hasira. Alikuwa ameogopa, na mimi niliyemwogopa maisha yangu yote nilikaa nikamtazama anavyoogopa. Nilifurahi. Nikisema sikufurahi nitakuwa ninaongeza uongo.

Wiki mbili zilizofuata alikuja mapema kuliko wote. Msichana alimpisha kiti cha dirishani. Alijichoma vidole kwa waya na kwa pasi, akavifunga vitambaa, na vitambaa vikamzuia kupapasa, akavitoa. Nyumbani nilimsikia kwenye sala akiomba macho. Bodi zikarundikana upande wake. Wenzake walinyamaza, na kunyamaza kwao kulimuumiza zaidi, maana alijua wanamficha. Ningeweza kuvirudisha siku yoyote. Nilikuwa ninaambiwa "fundi" sasa, na hakuna aliyelitaja godoro.

Tajiri alipoona rundo lile hakugomba. Alikuwa mtu wa adabu na ukatili wake ulipita kwenye adabu hiyo hiyo. Akasema anataka kujua tu. Akamwekea shangazi bodi moja mbele, akaweka nyingine kwa msichana, akavua saa yake ya mkononi akanipa mimi niwapimie. Nikaishika. Fundi wa keekee naye akapanda juu kutazama.

Msichana alimaliza sehemu yake yote, akaweka pasi chini, akaangalia sakafu. Shangazi alikuwa ameshashona vivuko saba. Hakuna aliyemwambia aache, akaendelea. Jasho lilimshuka mpaka kwenye miwani, akaivua, akashona bila miwani, akaivaa tena. Cha nane waya ulimwingia chini ya ukucha. Akasema, "Bismillahi," akauchomoa, akakijaribu tena kile kile. Tajiri akaniuliza muda. Nikamsomea saa kwa sauti.

"Bi," alisema tajiri, "kazi yako tumeiona miaka yote na tunakushukuru. Sasa kapumzike." Akampa doti ya kanga iliyokuwa tayari ndani ya mfuko. Alikuwa ameinunua kabla ya kumjaribu.

Shangazi alipokea kwa mikono miwili. Aliuliza jambo moja tu: "Kona yangu atashona nani?"

Tajiri akaipokea saa yake mkononi mwangu, akaivaa.

Tulirudi nyumbani pamoja. Asubuhi ile alikuwa amezipanda ngazi za karakana na chupa ya chai mkono mmoja na chano cha vitumbua mkono mwengine. Wakati wa kushuka alinikamata mkono wa shati. "Usinikimbilie," alisema. "Sizioni ngazi." Nikadhani anajidekeza.

Kona yake alipewa mshonaji mpya siku ya pili yake. Kabla hajafika nikaifungua bodi, nikachora ile fremu, nikaandika nukta nane. Mpya akashona vizuri tangu wiki ya kwanza na tajiri akasema kweli ilikuwa ni umri.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilitaka atoke chumba kile tu, arudi kwenye kofia zake, anipikie, anitajie godoro nyumbani ambako hakuna wa kusikia. Sikujua nimemwambia nini nilipomwambia nukta nane. Yeye alielewa hivi: vitundu ni vile vile, vya wenzangu ni vile vile, kompyuta imesema ni vile vile, basi macho yangu yameondoka kwa siku moja. Na mtu ambaye macho yake yameondoka hashoni kofia.

Alikuwa na kofia iliyobaki robo, ya mteja wa Vuga. Akairudisha pamoja na uzi wake. Nikamwambia, "Si umalizie tu, shangazi, umebakisha kidogo." Akasema, "Nitaiharibu kazi ya watu." Sindano zake akampa jirani. Akaacha kuchambua mchele, akasema hazioni chenga. Akaacha kwenda sokoni Darajani peke yake, halafu akaacha kwenda kabisa. Ndani ya nyumba alianza kutembea na mkono ukutani. Mwaka uliofuata nilikuwa ninampeleka mpaka mlango wa choo, na aliponyoosha mkono kutafuta bega langu macho yake hayakuwa yakitazama kitu, si kwa kuwa yalishindwa, bali kwa kuwa alikwisha kuyakatia tamaa. Mara nyingine nilimwona anamtazama kuku uani, anamfuata kwa macho kutoka pembe hii mpaka ile. Nikisema, "Umemwona?", huyainamisha. "Nimemsikia tu, mwanangu."

Watu wa mtaani walinipenda. Kijana gani siku hizi anamshika shangazi yake mkono mpaka harusini? Wazee walinipigia mfano watoto wao. Yeye mwenyewe kila nilipomkalisha kitini aliniombea dua, ndefu, kwa jina la baba yangu, nami nikaitikia amina.

Nilijaribu kumwambia mara moja. Nilifika mpaka kusema, "Shangazi, vile vivuko," naye akanikata: "Usinikumbushe, nakuomba. Siku ile nilikwisha." Nikashukuru kwamba amenikata.

Miaka minne baada ya karakana kulikuja daktari wa macho, mgeni, akawa anawaona watu hospitali kwa siku chache. Jirani ndiye aliyetuandikisha. Shangazi hakutaka kwenda. Nilimpeleka kwa kuwa mtaa mzima ulikwisha jua kwamba nitampeleka. Tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, yeye kafumba macho, kanga ile ya tajiri kajitanda, imeshapauka.

Daktari alimwangalia kwa taa yake muda mrefu. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, taratibu. "Mama, mtoto wa jicho yupo," alisema, "lakini ni mdogo. Kwa macho haya unapaswa kuniona vizuri kabisa." Akampa miwani mingine, akamkalisha mbele ya karatasi ya ukutani yenye alama za vijiti vitatu, akamwambia aoneshe kwa kidole vijiti vinaelekea wapi.

"Sioni, mwanangu," alisema shangazi.

"Jaribu tu."

Akainua kidole kwa woga. Alama kubwa ya juu, akaonesha sawa. Ya pili, sawa. Safu ya tatu, sawa yote. Safu ya nne alisita, akaonesha sawa. Muuguzi akatabasamu. Shangazi mwenyewe alikuwa ameanza kuinuka kitini, shingo imenyooka, kama alivyokuwa akiinuka mezani akitaka kuniambia nimesahau kitu.

"Nani alikwambia huoni?" aliuliza daktari.

"Niliona mwenyewe. Nilikuwa nnashona vitundu vya umeme, ikawa waya haupiti siku moja. Nikasema labda vimepunguzwa." Akageuza uso upande wangu, na akanitazama, machoni hasa, kwa mara ya kwanza tangu tuzishuke ngazi zile. "Mwambie daktari, wewe unajua. Vilipunguzwa vile?"

Daktari aliningoja. Muuguzi aliningoja. Nyuma ya mlango uliokuwa wazi kulikuwa na benchi la watu wa mtaani kwetu, wote wananijua. Ilikuwa ni neno moja. Niliona nitakavyotoka pale ndani, niliona uso wake akishanielewa, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

"Havikupunguzwa, shangazi," nilisema. "Vilikuwa vile vile."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akakaa. Daktari akamwambia waendelee, akaigonga safu ya tano kwa kalamu, na shangazi akasema haioni. Daktari akashusha sauti, akarudi safu ya nne; shangazi akasema haioni. Mwisho akaweka kalamu chini ya ile alama ya juu, kubwa kuliko zote, ambayo dakika tatu nyuma mgonjwa wake alikuwa ameionesha bila kukosea. Shangazi alikuwa ameshafumba macho na ananyoosha mkono kulitafuta bega langu.